Vita Vilivyokuja na Boti

Fundi akija ofisini kwetu kufungua mgongo wa kompyuta, mimi huchukua mkoba wangu nikatoka nje. Wenzangu wananicheka. Wanasema eti huyu binti wa mtaa wa Makiso anaogopa vumbi. Waache wacheke. Ni ile harufu: vumbi lililopikwa na joto miezi na miezi, lenye kitu kama plastiki iliyoungua na kitu kama nywele. Ikinifikia puani, masikio yanaanza kusikiliza yenyewe bila kuniomba ruhusa. Mimi ni mtu mzima, nalipa nyumba, nimezaa. Lakini harufu hiyo ikinikuta nakuwa tena mtoto wa darasa la pili, nimechuchumaa chini ya dirisha la kaka yangu, nasikia kwamba vita vinarudi Kisangani.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa haraka. Sisi tulizaliwa baada. Hatukuziona zile siku sita ambazo majeshi mawili ya wageni yalipigania mji wetu, kila moja likitupia mabomu upande wa mwenzake, na wazazi wetu wamelala kifudifudi katikati. Hatukuziona, lakini nani kati yetu hakulelewa nazo? Kila nyumba ilikuwa na tundu lake lililozibwa kwa saruji ya rangi nyingine. Kila nyumba ilikuwa na sheria zake, na za kwetu zilikuwa za Koko.

Koko alikuwa bibi yangu, mama mzazi wa Papa. Mwanamke wa mto, mzaliwa wa Yanonge, mikono mipana, sauti nzito, hamwogopi polisi wala padri. Nilimwona kwa macho yangu akimfokea askari aliyeegemea ukuta wetu, na askari akaomba msamaha. Lakini mlio! Ee Mungu, mlio. Kwetu mtu hakupasua puto. Mtu hakubamiza mlango. Krismasi watoto wa jirani wakilipua fataki, Koko aliingia kwenye korido, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, rozari mkononi, na hakuna aliyemsemesha mpaka atoke mwenyewe. Korido ndiyo sehemu pekee ya nyumba isiyo na dirisha. Humo ndimo walimolala zile siku zote, yeye na watoto wake.

Na mimi alinifundisha. Alikuwa anachambua maharagwe, hata kichwa hainui, mara anasema, "Chini!" Hapo nilitakiwa kuanguka kwa tumbo popote nilipo, mikono kichwani, halafu nitambae mpaka korido. Nikichelewa, narudia. Nilidhani ni mchezo wa bibi wote duniani. Siku mwalimu alipoangusha rula kubwa sakafuni, nililala chini peke yangu darasa zima, na wenzangu walinicheka wiki nzima, wajinga wale.

"Na weye, Koko?" nilimuuliza siku moja nikiwa bado nimelala, saruji inanipoza shavu. "Weye utalala chini pia?"

"Miye nilishakimbia ya kwangu," alisema. "Siku ingine batanikuta mu kiti."

Hilo neno, kwamba safari nyingine watamkuta kitini, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana nilijua habari za Bijou. Bijou alikuwa kitinda mimba wa Koko, dada mdogo wa Papa, na katika siku zile alikuwa na umri kama wangu. Kiu iliwazidi kule korido. Ndoo ya maji ilikuwa uani, pale pale, hatua chache tu. Bijou alitoka kuchota kikombe. Hapo ndipo watu wa kwetu wanapoacha kusimulia, wanaanza kuulizana kama chumvi imebaki. Koko hakumtaja hata mara moja mbele yangu. Ni Mama aliyeninong'oneza, ili nisiulize tena kwa nini hatukuwa na ndoo uani.

Sasa Yaya. Yaya ni kaka yangu mkubwa, alikuwa ameanza chuo kikuu, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: michezo ya kompyuta. Siyo ile ya kwenye televisheni, ya vijana waliojazana kule kwenye chumba cha michezo barabara ya soko wakicheza mpira kwa zamu. Hao aliwadharau. Yeye alikuwa mtu wa PC, tena mwenye kiburi, na sijapata kuona watu wanaoteseka kwa hiari yao kama watu wa PC wa Kisangani. Mashine yake aliiunga kama mtu anayejenga kibanda kwa mabati ya kuokota: sanduku lilitoka ofisi moja iliyofungwa, kioo kilitoka saiberi na kilikuwa na mstari wa zambarau katikati, feni ya kupoza haikuenea, akaifunga kwa kamba ya kiatu. Ubavu mmoja ulikuwa wazi daima, na ndani ndimo vumbi lilimopikwa.

Mchezo mpya ukitoka Ulaya, vijana wa huko wanaupata siku hiyo hiyo. Kisangani tunaupata kwanza kwa mdomo. Halafu unafika Kinshasa. Kinshasa mtu anaukopi kwenye diski, diski inafungwa kwenye soksi, soksi inapanda boti ya mbao pamoja na magunia ya sukari na mbuzi, na mto ukiwa umepungua boti inakaa juu ya mchanga mpaka abiria wanajua majina ya watoto wa nahodha. Ukifika hatimaye, kipande kimoja kinakosekana. Au unazungumza Kirusi. Au unaomba nyongeza yenye uzito kuliko wenyewe, ipakuliwe kwa mtandao ambao hata picha ya harusi inaushinda. Na ukishapata vyote hivyo, mashine inakuandikia kwa adabu kwamba yenyewe haitoshi. Wale wa televisheni walikuwa wakimwona Yaya wanamwimbia, "Mutu wa PC, anafunga na kuomba!"

Michezo ya bunduki ndiyo aliyoipenda kuliko yote, na ndiyo Koko aliyoikataza. "Mu nyumba yangu mulio ya bunduki hapana," alisema, basi, kesi imekwisha. Kwa hiyo Yaya alipozungumzia mchezo wa bunduki alinong'ona. Na huo mnong'ono ndio ulioniponza.

Mashine ilikuwa imekufa. Umeme ulirudi siku moja kwa hasira na kuunguza kile kisanduku chake cha kupokea moto, na tangu hapo ilikuwa mezani kwa Yaya imepasuliwa, nyaya nje, kama samaki aliyesahauliwa na mpishi. Ndiyo maana sikufikiri hata kidogo kwamba habari zao zinahusu kompyuta. Mtoto ana akili yake: kompyuta imekufa, nani atazungumzia maiti? Nilikuwa nacheza na vizibo vya soda chini ya dirisha, alasiri, na ndani alikuwa Yaya na rafiki yake Pitchou.

"Ya pili imetoka," Pitchou alisema. "Kule Ulaya batu bako ndani tangu juma ilipita."

"Na Kinshasa?"

"Imeingia. Binamu yangu ameona na macho. Anasema ile ya kwanza haikuwa kitu. Hii bunduki ni za kweli kweli, banaingia nyumba kwa nyumba, muji muzima unaanguka."

"Alors huku?"

"Huku itapanda na boti. Sisi batu ya Kisangani, kila kitu inatufika mwisho."

Halafu Yaya akasema taratibu kabisa, "Papa iko Isangi. Atapanda ile boti. Lakini Koko asisikie ata neno. Unajua roho yake."

Mtu mzima anajua walichokuwa wakingojea: mchezo, sehemu ya pili ya mchezo, basi. Mimi nilibaki na kizibo mkononi. Mikono ilikuwa baridi na jua lilikuwa linachoma. Vita vya pili. Vimeshafika Kinshasa. Vinapanda mto, na Papa yumo kwenye boti hiyo hiyo, Papa wangu anayenunua samaki wa kukaushwa Isangi na kuwaleta hapa, ambaye simu yake ikishaacha mji haishiki tena mtandao. Na Koko hatakimbia. Atakaa kwenye kiti.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mtu. Nimwambie nani? Mama alikuwa sokoni tangu alfajiri, akirudi hata kusema anachoka. Yaya alikuwa anaficha. Na Koko, Yaya mwenyewe alisema asisikie. Woga wa mtoto hauna mdomo, jamani. Unakaa tumboni na kula chakula chako.

Nikaanza kuchunguza, na kila nilichokiona kilinithibitishia. Yaya alileta petroli kwenye chupa za maji akazificha nyuma ya choo. Mimi sikujua ni ya jenereta ya kina Pitchou. Aliazima godoro la sponji, akalisimamisha kwenye dirisha lake, akapima, akalishusha. Godoro dirishani! Ndivyo Koko alivyosimulia kila mara, kwamba siku zile watu waliziba madirisha kwa magodoro. Mimi nitajuaje kwamba anataka kuzuia sauti isifike kwa bibi yake? Siku nyingine yeye na Pitchou waliingiza kitu kikubwa kimefungwa kwa shuka, wakitembea kwa kunyata, na Pitchou akaniambia, "Petite, hujaona kitu." Ilikuwa spika ya kukodisha kwenye harusi. Mimi nikaapa kwamba ni kombora.

Basi nikafanya mipango yangu. Jirani yetu, Tonton Faustin, alikuwa anaendesha toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, yenye mto mwekundu nyuma. Nikamkuta anaiosha.

"Tonton, unaweza beba mutu mukubwa kama Koko?"

"Koko yako? Mpaka mbinguni, kama hachezi-chezi nyuma."

"Na kama hataki kupanda?"

"Tunamufunga na kamba kama muzigo ya mikate ya kwanga!" Akacheka kicheko chake kikubwa.

"Na kama batu bote bako nakimbia barabarani?"

Kicheko kikakatika. Tonton Faustin alikuwa na umri wa Papa, na watu wa umri huo katika mji wetu huwezi kuwaambia neno hilo ovyo. Alinitazama, akautazama upande wa mto, akanitazama tena.

"Nani amekuambia batu batakimbia?"

"Hakuna."

"Mutoto, maneno ya hivyo haisemwi mu njia," alisema kwa sauti ya chini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kesho yake asubuhi nilimwona anajaza upepo magurudumu yote mawili, anayabonyeza, anaongeza tena, na mke wake anafunga nguo kwenye shuka. Nikarudi ndani kutafuta kandambili zangu. Kama mtu mzima anajiandaa, basi ni kweli.

Usiku nililala na kandambili miguuni. Na niliposali nilichanganyikiwa kabisa. Nilianza kumwomba Mungu aikwamishe boti kwenye mchanga, ikae huko huko, isifike milele. Halafu nikakumbuka Papa yumo. Nikamwomba Mungu anisamehe, ailete boti. Halafu nikakumbuka kilichomo ndani ya boti. Nikamwomba amshushe Papa kwanza, mahali popote, hata kwenye matete, boti iendelee bila yeye. Nilisali hivyo mpaka Mama akaniuliza kama nina homa. Akanigusa paji la uso, akasema kweli ninayo, akaninywesha dawa ya malaria.

Boti ikafika Jumamosi. Nilijua kwa sababu Yaya alitoka mbio kwenda bandarini bila kumaliza chai yake, naye si mtu wa kuacha chai. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele nikitazama barabara. Kila pikipiki iliyopiga kona ilinichoma moyoni. Mara nikamwona Papa. Papa mzima, ndevu zimeota, ananuka moshi wa samaki, mkono juu ananipungia, nyuma yake Yaya amebeba kapu. Nilimkimbilia nikamshika mguu, na hapo hapo nikachungulia nyuma yake kuona ni nani wanaomfuata. Hakuna. Muuza mandazi tu.

"Wee, mama mudogo, unamutafuta nani? Si miye unangojea?" Papa alicheka, akanibeba.

Ndani, Koko alipokuwa amekwenda jikoni, Papa alitoa mfukoni mwa koti soksi nyeusi yenye kitu kigumu, akampa Yaya pamoja na kisanduku cha chuma chenye nyaya, badala ya kile kilichoungua. "Imefika," alisema, akamkonyeza. "Lakini mama yangu asijue, he!" Kumbe Papa naye. Papa ndiye aliyevileta.

Papa akaoga, akarudi bandarini kuangalia magunia yake yasiibiwe. Pitchou akaja na jenereta yao. Mlango wa Yaya ukafungwa, godoro likapanda dirishani. Mimi nikaenda kukaa na Koko uani nyuma, alikokuwa anachambua majani ya pondu, kisamvu cha kwetu, kwenye kiti chake kifupi. Nilijisogeza mpaka bega langu likagusa paja lake. Kupitia ukutani nilisikia jenereta inakohoa na wale wawili wanagombana na mashine yao, kama wanavyogombana watu wa PC tangu dunia iumbwe.

"Inasema nafasi haitoshi."

"Futa masomo yako."

"Yote?"

"Bon, unataka diplome ao unataka kucheza?"

Halafu, "Sasa inasema carte haitoshi," ile kadi ya kuchora picha ambayo Yaya alikuwa akililia kununua mpya. Halafu, "Punguza kila kitu." Halafu Koko akaniuliza kwa nini natetemeka, na mimi nikasema ni ile malaria.

Ndipo ilipolia.

Sijui kama kuna aliyegusa kitufe cha spika walipokuwa wanaibeba, au ni kutokujua. Ile haikuwa sauti ya mchezo. Ilikuwa spika ya harusi, imefunguliwa mwisho, ndani ya chumba kidogo, na bunduki ya mashine ikimimina risasi mfululizo, halafu mlipuko uliotikisa sufuria jikoni. Nje barabarani mwanamke alipiga yowe. Mageti yakabamizwa. Kengele ya baiskeli ya Tonton Faustin ikalia kuelekea mbali, ikalia, ikalia.

"Chini!" mimi ndiye niliyepiga kelele. "Koko, chini!"

Hakuanguka. Alikaa pale pale kwenye kiti, jani la pondu mkononi, macho yake wazi na hayanioni. Nikamvuta mkono. Ulikuwa mzito kama gogo. Nikasema moyoni, ndiyo hii, alikwishaniambia, watamkuta kitini. Nikavuta tena nikilia, na ndoto zangu zote mbaya za majuma yale zilikuwa hapo uani, kwenye jua, mchana kweupe.

Mara nikaruka hewani. Koko, ambaye kanisani alihitaji watu kumnyanyua baada ya kupiga magoti, alikuwa amenikwapua kwapani kama furushi, anakimbia. Alinitupa kwenye sakafu ya korido, akalala juu yangu mwili mzima. Sikuweza kupumua. Moyo wake ulikuwa unanigonga mgongoni. Alinuka pondu na jasho, na kutoka chini ya mlango wa Yaya harufu nyingine ilikuwa inatambaa sakafuni mpaka puani mwangu, vumbi linaungua, plastiki, nywele. Mdomo wake ulikuwa sikioni kwangu. Nilidhani anasali. Hakuwa anasali.

"Usitoke," alikuwa anasema. "Usitoke, usitoke. Maji nitaleta miye. Usitoke. Miye nitaleta."

Milio ikakatika ghafla. Mashine ilikuwa imeganda, kama kawaida yake. Kile kimya kilikuwa kibaya kuliko milio yenyewe, kwa maana Koko alizidi kunikandamiza, anakingojea kinachofuata. Mlango ukafunguliwa na Yaya akatoka analaani, "Inakwama tena, hii takataka ya..." Akatuona. Nakuambia sijawahi kuona mtu anabadilika rangi vile. Alipiga magoti, akamgusa bibi yake begani kwa ncha za vidole.

"Koko. Koko, ni jeu. Ni muchezo ya ordinateur, Koko. Hakuna kitu. Nisamehe. Hakuna kitu."

Koko hakunyanyuka. Papa akaingia mbio kutoka bandarini, kiatu kimoja, anatweta. Barabara nzima ilikuwa imemwambia vita vimeanzia kwake. Alimwona Pitchou na waya mkononi, akalitazama godoro, akaelewa yote. Nilingoja ampige Yaya. Badala yake alikaa sakafuni karibu na mama yake, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Alikuwa kijana wakati ule, naye alilala humo humo.

"Mama," alisema. "Imekwisha. Niko hapa."

Ilichukua muda. Hatimaye uzito uliondoka mgongoni kwangu na Koko akakaa. Alinigeuza, akanipapasa kichwa, mikono, tumbo, miguu, kila mahali, akatazama viganja vyake kama vina kitu. Ndipo akaona kwamba kitenge chake kimelowa. Sote tuliona. Akainuka, akashika ukuta, akaenda kuoga.

Nje watu walikuwa wanaanza kurudi wakitukana, na wengine wanacheka kile kicheko cha mtu aliyekuwa analia. Tonton Faustin, walimkuta karibu na daraja la Tshopo amembeba mama mmoja asiyemjua, na mke wake amebaki nyumbani na shuka lake la nguo. Alinuniwa mwezi mzima. Lakini sisi ndani hatukucheka. Yaya alikuwa anachomoa nyaya moja moja. Tulijua sote kwamba mashine ile inakwenda kutupwa mtoni, na sidhani hata yeye angebisha.

Koko alitoka amevaa kitenge cha kwenda misa, kichwa amekifunga vizuri. Alikuwa amebeba kile kiti chake kifupi. Akakiweka mbele ya kompyuta.

"Washa."

"Koko, hapana, natupa..."

"Nimesema washa. Nataka kuona hao balionikimbiza."

Yaya alimtazama Papa. Papa akainamisha kichwa. Spika ikaondolewa kabisa, nyaya zikarudishwa. Mashine ikawaka, ikaganda, ikazimwa, ikawaka tena, na Koko aliingoja, mikono magotini. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika kiti. Nilikuwa naogopa zaidi kuliko kule korido, kwa sababu sasa nilijua ni mchezo lakini sikujua Koko ataona nini ndani yake.

Ikafunguka. Barabara ya kijivu, nyumba huku na huku, mstari wa zambarau umekata anga katikati. Askari wamesimama. Koko akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Enda polepole," alimwambia Yaya. "Ingia mu ile nyumba."

Yaya akaingia. Meza, viti, sufuria juu ya meza. Hakuna mtu.

"Na ile ingine."

Kitanda. Korido. Mlango wa uani uko wazi. Hakuna mtu. Akamwingiza nyumba kwa nyumba barabara ile nzima, na kila mlango uliofunguka nilibana kiti chake kwa nguvu zaidi.

"Batu ya hizi nyumba bako wapi?" Koko aliuliza.

Yaya akaona aibu, siyo kwa ajili yetu bali kwa ajili ya mashine yake. Aibu ile ya watu wa PC. "Nilibatoa, Koko. Mashine haina nguvu ya kubaweka. Mutu akiwa na carte ya kweli anabaona bote, bamama, batoto, banatoka mu nyumba, bana..." Akasita. "Banakimbia," alimalizia, taratibu.

Koko aliutazama ule mlango wa uani uliokuwa wazi. Aliutazama kwa muda mrefu mpaka askari mwingine akapita nje na hakuna alichokipata.

"Basi balikimbia mapema," alisema. "Babakie kule kule. Usinunue hiyo carte."

Yaya, ambaye miezi yote ile hakuwa na wimbo mwingine ila huo, ambaye alikuwa akiitaja carte hiyo hata kwenye sala ya chakula, alisema, "Ndiyo, Koko." Na hakuinunua.